Shangazi Aliyezifundisha Swichi Kusema

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Msimamizi wa Kitengo cha Mtandao wa hospitali yetu atakabidhi funguo zake na kwenda nyumbani, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye barua ya kustaafu ameandikwa kwa jina lake kamili na namba yake ya ajira. Hapa tutamwita kama anavyoitwa kwenye korido zote, kuanzia maabara hadi kufulia: Shangazi.

Jina hilo lina asili yake. Mtoto wa kaka yake aliajiriwa hapa kama muuguzi, na siku ya kwanza kazini alimwona kwenye ngazi, akampigia shikamoo ya nguvu mbele ya watu na kumwita shangazi. Wiki haikuisha, nusu ya wafanyakazi walikuwa wapwa zake. Hata fundi bomba, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa, anamwita hivyo bila aibu. Mwanzoni alijaribu kupinga, kisha akaona anajichosha bure.

Alianza kazi akiwa opareta wa simu, kwenye chumba cha chini kinachopakana na kufulia, ambako mvuke ulikuwa ukipenya chini ya mlango na kulowesha karatasi zake. Mbele yake kulikuwa na ubao wa taa themanini, kila taa laini moja. Opareta wengine walisubiri taa iwake. Yeye alikuwa na tabia ya kuziangalia zile ambazo haziwaki. Wodi ambayo haijapiga simu tangu asubuhi aliipigia yeye mwenyewe kuuliza kama laini ni nzima, na mara nyingi haikuwa nzima. Wenzake walimwona mbishi, na hawakukosea.

Miaka kumi na tisa iliyopita ubao ule uling'olewa na hospitali ikaingiza mtandao wa kompyuta. Opareta walipelekwa mapokezi. Shangazi aliomba kwenda kozi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na darasani alikaa na watu wa rika la mtoto wake, ambao siku mbili za kwanza walidhani ndiye mwalimu. Alirudi na daftari la kurasa mia mbili lililoandikwa hadi juu ya jalada. Daftari hilo bado tunalo na bado tunaliogopa.

Kwa wasomaji wetu wa jikoni, wa kufulia na wa ulinzi, ambao kila siku wanatuuliza sisi mafundi wa kitengo tunafanya nini humu ndani, acha nieleze. Kila ghorofa ina kabati lenye kufuli, na ndani ya kabati kuna sanduku bapa la chuma lenye matundu. Hiyo ndiyo swichi. Kila tundu linashika waya wa kompyuta moja au mashine moja. Swichi ikisetiwa vizuri inaweza kutuma ujumbe yenyewe, bila kuulizwa: tundu fulani limekufa, nimezimika nikawaka tena, joto limenizidi. Ujumbe unafika kwenye seva yetu, na seva inaupeleka kwenye simu ya fundi. Lakini swichi haizaliwi ikijua hayo. Lazima iambiwe imwambie nani, kwa anwani ipi, kwa neno gani la siri, na juu ya mambo gani. Isipoambiwa, itakaa kimya hata ikiungua.

Zamani hakuna aliyeziambia. Tulikuwa tunajua mtandao umekatika pale muuguzi anapotupigia kwa hasira, na kwa wastani hasira hiyo ilichukua dakika arobaini kufika. Shangazi hakuivumilia hali hiyo. Fundi akimwambia mtandao uko sawa, alimuuliza swali lake maarufu, "Nani amekwambia?" Kujibu kwamba hakuna aliyelalamika kulikuwa kujitafutia balaa. Jibu alilolikubali ni moja tu, kwamba swichi yenyewe imesema.

Basi akazifundisha kusema, na siku ya kwanza zilimwaibisha. Alifungulia arifa zote, kwenye matundu yote, kwenye swichi zote. Kila karani alipozima kompyuta yake kwenda kunywa chai, swichi ilitoa taarifa. Alipoiwasha, ikatoa nyingine. Kufikia adhuhuri simu yake ilikuwa imepokea arifa elfu moja na mia tisa. Alikuwa kwenye kikao cha wakuu wa idara, simu iko juu ya meza ya kioo, inatetemeka na kusogea, inatetemeka na kusogea, hadi ikadondoka mapajani mwa Muuguzi Mkuu. Mama huyo aliitazama, akamrudishia, akasema, "Jibu, mwenzangu, huyu anaonekana ana shida kweli."

Nyumbani nako hali haikuwa shwari. Mume wake ni seremala, mtu wa taratibu na mpenda utani, na aliibatiza simu ile "mume mwenzangu". Alikuwa akituambia kwamba kinachomuudhi si kuwa na mume mwenza, bali kwamba mume mwenza huyo habishi hodi.

Ilimchukua Shangazi wiki tano kurekebisha. Alitembea kabati kwa kabati, tundu kwa tundu, akiamua lipi linastahili kusema na lipi linyamaze. Mashine ya kupimia damu maabara, iseme. Kompyuta ya karani anayekwenda chai mara nne kwa siku, inyamaze. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila arifa lazima iwe na mtu atakayeinuka kwenye kiti kwa ajili yake, na kama mtu huyo hayupo, arifa hiyo izimwe. Arifa elfu moja na mia tisa zikawa kumi na mbili kwa siku, na kwa kila moja kati ya hizo kumi na mbili kuna mtu alisimama.

Kila waya nao aliupa jina. Aliandika kwa kalamu ya bluu juu ya plasta ya hospitali, kwa sababu alisema vibandiko vya dukani vinabanduka kwenye joto. Mtunza ghala aliwahi kuandika barua rasmi kuuliza ni mgonjwa gani huyu anayemaliza roli sita za plasta kwa wiki bila kuwa na kidonda. Barua hiyo Shangazi aliijibu kwa barua, yenye viambatisho.

Katika mafanikio yake siwezi kuacha habari ya mablanketi. Siku moja swichi ya ghorofa ya tatu ilileta arifa ya joto. Mwenzetu tunayemwita Mrefu, ambaye ukimwona utaelewa kwamba ni jina la utani, alikwenda na kurudi akisema kabati limefungwa na nje hakuna tatizo. Shangazi alishuka na funguo zake mwenyewe. Ndani alikuta mablanketi kumi na moja yamekunjwa vizuri na kushindiliwa juu ya swichi, feni zikihema kwa taabu. Wahudumu wa wodi walikuwa wamegundua kwamba kabati lile lina joto zuri la kukaushia, na ufunguo wa kabati la dawa unalifungua. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Ghorofa ile ina wagonjwa hamsini, na ilipona kwa sababu sanduku la chuma lilijua pa kupeleka malalamiko.

Ameitwa siku za sikukuu, ameitwa akiwa saluni. Siku ya harusi ya binti yake aliitwa katikati ya kupiga picha, akaja na gauni la kitenge lenye mikono mipana akalala sakafuni chini ya meza ya maabara. Alirudi harusini keki imeshakatwa. Binti yake alimsamehe siku hiyohiyo. Fundi cherehani aliyeshona lile gauni hajamsamehe mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na nikiumaliza bila kulisema nitaishi na aibu.

Mwaka jana mwezi wa Machi nilipewa kazi ya kupitia arifa zetu na kupunguza zinazojirudia. Jengo la watoto limeunganishwa na jengo letu kwa waya mmoja mkuu. Waya huo una ncha mbili: moja iko kwenye swichi ya kule, nyingine kwenye swichi kubwa ya chumba chetu. Ukikatika, swichi zote mbili zinaona, na zote mbili zinatuma arifa. Mimi nikaona huo ni umbea, jambo moja linasemwa na watu wawili. Nikaizima arifa ya upande wetu, nikabakiza ya jengo la watoto, nikajipongeza kwa kikombe cha chai. Sikujiuliza hiyo ya kule itapita wapi.

Baada ya siku tisa, mafundi wa mfereji walipiga sururu na kuukata waya mkuu. Swichi ya jengo la watoto ilifanya kama ilivyofundishwa. Iliona waya mkuu umekatika, ikaandika ujumbe wa kutuambia kwamba waya mkuu umekatika, na ikautuma kupitia waya mkuu. Sisi tulikuwa tumekaa tunazungumza habari za mpira.

Kwenye wodi ya watoto njiti siku hiyo kulikuwa na watoto kumi na wanne. Vipimo vyao vya mapigo vinatuma namba kwenye skrini moja mezani pa wauguzi. Skrini haikuzimika. Iliganda, ikabaki na namba za mwisho, namba nzuri, zisizobadilika. Muuguzi mmoja alikuwa amemvua mtoto kipimo ili akanyonye kwa mama yake, akainua macho, akaona skrini inasema mapigo ya mtoto huyo ni mia moja arobaini na mbili. Mtoto yuko mikononi mwa mama, kipimo kiko juu ya kitanda, na skrini inaendelea kumhesabu. Alipiga kelele, wauguzi wakasimama kila mmoja kwenye vitanda vyake, wakahesabu kwa mikono na saa. Muuguzi Mkuu alikuja kwetu kwa miguu, anakimbia. Zilikuwa zimepita dakika arobaini na saba tangu waya kukatika. Hakuna mtoto aliyedhurika, na kila siku namshukuru Mungu kwa hilo.

Mkurugenzi hakupaza sauti. Alisema tu kwamba kwa dakika arobaini na saba watoto wale walilindwa na picha, na kwamba Shangazi akistaafu mwaka unaofuata, kitengo kifungwe na kazi ipewe kampuni ya nje. Maana yake mimi, Mrefu na mwenzetu wa tatu tunayemwita Kimya tungekwenda nyumbani siku moja na yeye. Na kila alichokijenga kingekabidhiwa watu wasiojua wodi ya watoto njiti iko mlango gani.

Ripoti ya tukio aliiandika Shangazi. Aliandika kwamba ni kosa la usanidi, yaani la kuziseti swichi, na kwamba msimamizi anawajibika, akatia sahihi yake. Jina langu halimo. Nilimfuata nikamwambia nakwenda kwa Mkurugenzi kusema ukweli. Aliniambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: "Ukienda, watakufukuza wewe na kosa litabaki. Kaa hapa tulitafute liko wapi kwingine."

Tulikaa tukalitafuta. Lilikuwa kwingine mara tisa. Makosa mengine yalikuwa yake mwenyewe, ya miaka mingi, na aliyaandika kwenye daftari kwa wino uleule aliotumia kwa yangu. Swichi zote sitini na moja zilipitiwa upya. Kila waya mkuu sasa unasemewa kutoka ncha zote mbili. Kila swichi inaitika kila baada ya dakika mbili, na isipoitika seva inapiga kelele bila kusubiri kuambiwa. Kati ya majengo ukavutwa waya wa akiba, umelala tayari, una plasta yake.

Hayo yalipokamilika, mwezi wa Aprili mwaka huu, alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba jambo moja. Yeye ndiye aliyekuwa anapokea kila arifa tangu siku ya mablanketi na kabla yake, na Mkurugenzi aliamini kwamba bila yeye sisi hatusikii kitu. Shangazi alisema namba yake ifutwe kwenye orodha ya wapokeaji kwa siku thelathini, akiwa bado kazini lakini haruhusiwi kugusa chochote. Wodi yoyote ikiwahi kugundua tatizo kubwa kabla yetu, basi kampuni ije. Kama siku thelathini zitapita salama, kitengo kibaki. Mkurugenzi alikubali. Tarehe mosi Mei alikuja chumbani kwetu kushuhudia, na Shangazi akaifuta namba yake kwa mkono wake.

Mwezi ule alikuwa kituko. Alipewa kazi ya kupanga majalada kwenye stoo ya zamani, na kila baada ya nusu saa alikuja kwetu kuazima kitu. Stepla aliiazima mara nne kwa siku moja, kila mara akiwa na yake mfukoni. Kimya, ambaye hasemi mpaka asemeshwe, alimkabidhi stepla na kumfungulia mlango. Seremala wetu alitueleza kwamba mezani nyumbani mkewe alikuwa anaigeuza simu yake juu chini kuona kama ina chaji, anaitazama kama mtu aliyenuniwa. Alikiri kwamba hata yeye ameanza kumkosa mume mwenzake.

Siku ya ishirini na sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, fundi aliyekuwa anapachika reli ya pazia kwenye jengo la watoto alitoboa ukuta na kuukata waya mkuu. Swichi yetu ikasema. Simu zetu tatu zililia pamoja, na Kimya alikuwa ameshapiga wodini kabla sijamaliza kusoma. Alisema, "Skrini hiyo msiiamini. Simameni kwenye vitanda sasa hivi. Tunakuja." Hatujawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa pumzi moja. Tangu waya kukatika hadi muuguzi kunyanyua simu ilikuwa dakika moja na sekunde kumi. Skrini ilikuwa bado inaonyesha namba nzuri, lakini hakuna aliyekuwa anaitazama. Mrefu alikimbia hadi kabati la kule, mimi nikasimama kwenye ncha ya huku, tukauamsha waya wa akiba. Dakika ya tisa namba zilianza kutembea tena.

Muuguzi Mkuu alimpigia Mkurugenzi mwenyewe. Alimwambia, "Safari hii wamenipigia wao," akakata simu.

Mkurugenzi alishuka hadi stoo. Alimkuta Shangazi amekaa sakafuni katikati ya majalada ya miaka ya ubao wa taa, akamweleza kwamba waya wa jengo la watoto ulikatika na umeshaunganishwa. Shangazi aliuliza lini. Akaambiwa nusu saa iliyopita. Katika hospitali nzima, pamoja na wapishi, yeye alikuwa mtu wa mwisho kujua. Mkurugenzi anasema alicheka, akacheka mpaka akaomba kitambaa cha kufutia machozi, na akamshika mkono kama mtu aliyeletewa habari za kufaulu kwa mtoto.

Tarehe thelathini Mei Mkurugenzi alitia sahihi. Kitengo kinabaki, sote watatu tunabaki, na msimamizi mpya ni Kimya. Wafanyakazi wenzetu, Shangazi anaondoka akiwa ameshinda, na sisi tuliomtia hasara tumeshinda naye. Uongozi na wafanyakazi wote wanamshukuru kwa miaka thelathini na minne ya uaminifu, ya ubishi wenye faida, na ya plasta. Mumewe, binti yake na yule mpwa wake aliyetupatia jina tunawashukuru kwa kutuazima mtu wao kwa muda mrefu namna hii.

Imebaki habari moja ya kiofisi. Jumatatu iliyopita Kimya alipokea ombi la maandishi kutoka kwa Shangazi, kwamba namba yake irudishwe kwenye orodha, kwa dharura tu, kimyakimya, bila kumsumbua mtu. Kitengo kilikaa kikao. Ombi limekataliwa kwa kauli moja.

Shangazi, nenda nyumbani kwa mumeo ukapumzike, na Mungu akupe afya, furaha na miaka mingi ya kulala usingizi wa mchana. Waya utakatika tena, kwa sababu kuta zitatobolewa na mifereji itachimbwa. Siku hiyo swichi itasema, sisi tutainuka, watoto watakuwa salama, na wewe hutakuwa na habari.